Ushahidi wa Tope: Chuma cha Vita kutoka Rufiji hadi Mwanza

Bujora, nje kidogo ya mji wa Mwanza, imezungukwa na majabali ya itale yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Jabali la namna hiyo halina kumbukumbu ya mambo ya wanadamu: vita hupita juu yake, mvua ikaosha, na alama ikatoweka. Kitunzacho kumbukumbu ni kitu duni kuliko jabali, nacho ni tope la ufukoni. Hata hivyo tope ni shahidi wa kuhojiwa kwa uangalifu, maana husema kweli nusu tu.

Kisa kilicho dhahiri kuliko vyote katika Tanzania ni cha manowari ya Kijerumani Königsberg. Baada ya kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus huko Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha katika matawi ya mto Rufiji, penye mikoko. Tarehe 11 Julai 1915, ilipokwisha kupigwa vibaya na Severn na Mersey, kamanda wake Max Looff aliamuru izamishwe. Kwa kuwa maji hayakuwa na kina kikubwa, mizinga yake 10 ya milimita 105 iliopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam na kuwekewa magurudumu. Mwaka 1924 John Ingle, aliyekuwa kamanda wa Pegasus, alituma wapiga mbizi kuyachambua mabaki ya adui wake wa zamani ili apate madini. Katika miaka ya 1960 wakaja wakata vyuma wengine, na kufikia 1966 kilichosalia kilikuwa kimeporomoka na kumezwa na tope.

Basi tope hilo husomwaje? Mwaka 1669 Nicolaus Steno alieleza kwamba mashapo hulala tabaka juu ya tabaka, la chini likiwa la kale kuliko la juu. Lakini chuma kizito hakiitii kanuni hiyo. Huzama kwa uzito wake, na maji huchimba mchanga ubavuni mwake, hata kikajikuta katika tabaka lililolala kabla hakijafuliwa. Mwenye kupima kina peke yake atakipa chuma umri usio wake. Kwa hiyo hupimwa tope lililolala juu yake baadaye. Madini ya risasi yenye namba 210, ambayo nusu yake huoza katika miaka 22 hivi, huonyesha mwendo wa kulala kwa tope. Na siziamu 137, iliyomwagwa na majaribio ya mabomu ya atomiki na kufikia kilele mwaka 1963, ni alama ya wakati. Silaha ya zama moja husaidia kuitambua silaha ya zama nyingine.

Jambo la pili ni kutu. Yamkini mtu atadhani kwamba tope lizuialo hewa huhifadhi chuma daima. Sivyo penye maji ya chumvi. Bahari ina salfeti nyingi, na viko vijidudu viishivyo pasipo hewa ambavyo huigeuza salfeti hiyo kuwa gesi yenye harufu ya yai viza, na chuma kikaliwa. Ziwa Viktoria ni la maji matamu yenye salfeti haba, hivyo ulaji wa namna hiyo ni mdogo. Chuma cha umri mmoja, kikizikwa Rufiji na Mwanza, hakitatoka na hali moja.

Mlinganisho huo una mizizi katika historia, kwani mmojawapo wa mizinga ya Königsberg ulifikishwa Mwanza, mji ulioangukia mikononi mwa Waingereza Julai 1916. Reli ya kutoka Tabora haikufika huko mpaka 1928. Mzigo ule ulipita nchi kavu kwa nguvu za watu. Wala ufuko wenyewe haukutulia: kati ya 1961 na 1964 mvua kubwa ziliinua ziwa kwa zaidi ya mita mbili, na sehemu ya pwani ya wakati wa vita ikafunikwa.

Lakini iko hesabu ambayo tope haliwezi kuitoa. Wapagazi wa Kiafrika waliokufa upande wa Waingereza peke yake hawakupungua 95,000, wengi kwa maradhi na uchovu. Walibeba unga na masanduku, vitu visivyosalia. Na udongo wenye asidi wa nchi za joto huyeyusha mifupa. Mzinga mmoja wa Königsberg umesimama Fort Jesus, Mombasa, na mwingine Pretoria, ilhali waliobeba mizigo ya vita hivyo wameachiwa jina la Kariakoo.

Hapana budi, basi, elimu ya mashapo iende pamoja na elimu ya masimulizi, kama yale ambayo makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, yaliyoasisiwa na Padre David Clement katika miaka ya 1950, yaliazimia kuyahifadhi. Mwanachuoni atakayehesabu vyuma tu ataandika historia ya vyuma, na wale walioviburuta watakufa mara ya pili.