Lena Horne: Filamu zilimkata, jukwaa likampa haki yake

Mwaka 1933, binti wa miaka 16 kutoka Brooklyn aliajiriwa kucheza dansi Cotton Club, ukumbi maarufu wa Harlem, New York. Waliotumbuiza walikuwa Weusi, waliokaa mezani kula na kunywa walikuwa Wazungu. Binti huyo alikuwa Lena Horne.

Baada ya kuimba na bendi za Noble Sissle na Charlie Barnet, mwaka 1942 alisaini mkataba na kampuni ya filamu ya MGM. Enzi hizo mwigizaji Mweusi kwa kawaida alipewa nafasi ya mpishi au yaya. Horne, akiungwa mkono na chama cha kutetea haki za Weusi, NAACP, alikataa katakata. Mwaka 1943 akang'ara katika Cabin in the Sky na Stormy Weather, filamu zenye waigizaji Weusi watupu.

Katika filamu nyingine nyingi alisimamishwa pembeni, ameegemea nguzo, akaimba wimbo mmoja, basi. Hakuhusishwa na kisa chochote. Hayo yalipangwa makusudi: filamu ikifika majimbo ya Kusini, yaliyokuwa na ubaguzi mkali wa rangi, wenye sinema waweze kukikata kipande chake na hadithi isiharibike.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, alipokwenda kuwatumbuiza wanajeshi kambini, alikuta wafungwa wa kivita wa Kijerumani wameketishwa mbele ya askari Weusi wa Marekani. Alishuka jukwaani, akawapita Wajerumani, akaenda kuwaimbia askari wale waliowekwa nyuma.

Miaka ya 1950 ilimjia na mkosi mwingine. Kwa urafiki wake na Paul Robeson, mwimbaji na mwanaharakati Mweusi, na msimamo wake wa kisiasa, alishukiwa ukomunisti, na milango ya filamu na televisheni ikafungwa. Jukwaa ndilo lililomwokoa. Mwaka 1957 ilitoka rekodi ya onyesho lake katika hoteli ya Waldorf Astoria, ikauzwa kwa wingi. Mwaka huohuo akawa mwigizaji mkuu wa mchezo wa muziki uitwao Jamaica, uliodumu zaidi ya mwaka mmoja huko Broadway, eneo la kumbi za maonyesho jijini New York. Mwaka 1981, akiwa na zaidi ya miaka 60, alirudi Broadway na onyesho lake mwenyewe, lililochezwa mara 333.

Horne alifariki mwaka 2010. Mwaka 2022 ukumbi mmoja wa Broadway ulipewa jina lake, wa kwanza huko kuitwa kwa jina la mwanamke Mweusi. Msomaji unayetaka kumjua, usianzie kwenye filamu. Itafute ile rekodi ya Waldorf Astoria.