Chumba Kipo, Ila Siyo Chako: Stori ya Weusi Waliotafuta Geto London

Aliyewahi kutafuta chumba Dar anajua mateso yake. Dalali anataka hela ya kukuonyesha tu. Baba mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi. Ukifika unakuta choo kiko nje na mnachangia familia nne. Lakini mwisho wa siku hela ikiwepo, chumba kinapatikana.

Sasa vuta picha. Hela unayo, kazi unayo, suti umevaa na tai umenyoosha. Unabisha hodi. Mama mwenye nyumba anafungua, anakuangalia usoni sekunde mbili, halafu anasema kwa upole kabisa, "Pole, kimeshachukuliwa." Unageuka kuondoka, unaona tangazo la chumba bado liko dirishani. Unapita kesho yake, bado lipo.

Hayo ndiyo yalikuwa maisha ya mtu mweusi kwenye jiji la London kwa miaka mingi, na siyo zamani sana. Kuna wazee walio hai leo wanaoikumbuka milango hiyo mmoja mmoja.

WALIANZA WANAFUNZI

Wengi wakisikia weusi wa London wanawaza miaka ya 1950. Ukweli ni kwamba shida ya vyumba ilianza mapema zaidi, kwa wanafunzi kutoka makoloni. Vijana wa Afrika Magharibi waliokwenda kusoma sheria na udaktari walikuwa wakipigwa chini nyumba hadi nyumba. Mtu anatoka kwao ni mtoto wa chifu, London hana pa kulala.

Wakaona wasipojipanga watalala nje. Chama chao cha wanafunzi, kilichoanzishwa mwaka 1925, kikazunguka kuchangisha hela mpaka Afrika kwenyewe, na mwaka 1933 kikafungua hosteli yake London. Mwanafunzi akishuka melini anajua pa kwenda, anapata kitanda, chakula cha nyumbani na watu wa kuongea nao. Na watu wenye hasira wakikaa nyumba moja huwa wanaongea siasa. Kwenye hosteli ile maneno ya uhuru yalijadiliwa usiku kucha, na baadhi ya waliopita pale walirudi kwao kuongoza nchi.

Afrika Mashariki nayo haikukosekana. Mwaka huohuo wa 1933 jamaa mmoja kutoka Kenya alihamia mtaa wa Cambridge, eneo la Pimlico, akakaa pale mpaka 1937 akisoma na kuandika huku anadai ardhi ya watu wake. Leo nyumba hiyo ina kibao cha bluu ukutani kinachosema nani aliishi hapo. Mpangaji yule ndiye aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Kenya.

KESI YA MCHEZAJI MAARUFU

Mwaka 1943, vita ikiwa imepamba moto, mcheza kriketi maarufu kutoka Trinidad aliweka nafasi kwenye hoteli kubwa ya London, yeye na familia yake. Huyu hakuwa mtu wa mchezo mchezo. Uingereza nzima ilimjua na serikali yenyewe ilikuwa imempa kazi. Alipofika akaambiwa anaweza kulala usiku mmoja tu, kwa sababu wageni wazungu, wanajeshi kutoka Marekani, hawatapenda kumuona.

Jamaa hakupiga kelele. Aliondoka, akaenda mahakamani. Mwaka 1944 akashinda na kulipwa fidia ya gini 5. Hela ndogo, ushindi mkubwa.

Ila hapa ndipo penye ujanja wa sheria. Alishinda kwa sababu sheria ya zamani ya Uingereza ilisema mwenye hoteli hawezi kumkataa msafiri bila sababu ya maana. Mwenye nyumba ya kupangisha hakuguswa na sheria hiyo. Yeye angeweza kumkataa mtu kwa rangi yake, akaandika hivyo dirishani, na polisi akapita akasoma akaendelea na safari yake.

MELI INAFIKA

Juni 22, 1948, meli ya Empire Windrush ilishusha Tilbury abiria zaidi ya 1,000, wengi wao kutoka visiwa vya Karibiani. Kulikuwa na mafundi, washonaji, wanamuziki, na wengi walikuwa wamepigania Uingereza vitani. Sheria ya mwaka huohuo iliwatambua kama raia wenye haki ya kuishi na kufanya kazi kule. Yaani hawakuingia kwa mlango wa nyuma. Walikuja wakijua wanakwenda kwa "mama".

Mama alikuwa na kazi, nyumba hakuwa nazo. Mabomu ya Wajerumani yalikuwa yameharibu au kubomoa nyumba zaidi ya milioni moja London. Waingereza wenyewe walikuwa wanabanana. Basi wageni zaidi ya 200 ambao hawakuwa na mwenyeji wakapelekwa Clapham, kwenye handaki la kujikinga na mabomu, chini kabisa ya njia ya treni. Treni zinanguruma juu ya vichwa vyao, wao wamelala kwenye vitanda vya ghorofa. Usiku wa kwanza kwa "mama" huo.

Ofisi ya kutafutia kazi iliyokuwa karibu ilikuwa Brixton. Waliopata kazi wakatafuta vyumba hukohuko, ndugu zao walipokuja wakawafuata. Leo Brixton inajulikana kama mtaa wa weusi, na chanzo ni handaki na ofisi moja ya ajira.

"WEUSI HAPANA"

Matangazo ya vyumba yalikuwa yanabandikwa kwenye madirisha ya maduka ya magazeti. Kadi ndogo, mwandiko mzuri. Chumba, bei, halafu mwishoni: weusi hapana. Nyingine ziliandika Wazungu tu. Nyingine ziliwakataa na Waairishi humohumo.

Waliokuwa na adabu zaidi hawakuandika kitu. Waliongea kwenye simu vizuri, ila ukifika mlangoni chumba kimeisha. Ikabidi weusi waanze kujitaja rangi kabla, kuokoa nauli ya basi. Kijana mmoja wa Kinigeria aliyesoma Leeds miaka ya 1950 aliandika shairi lililotamba dunia nzima, lote kuhusu simu moja kati ya mtafuta chumba na mama mwenye nyumba anayetaka kujua ni mweusi kiasi gani. Linachekesha, ila kicheko chake kinauma. Mwaka 1986 kijana huyo, akiwa mtu mzima sasa, alipewa tuzo ya Nobel ya fasihi.

Waliopata chumba nao hawakuwa na raha. Wengi walilipa zaidi ya mzungu kwa chumba kilekile, na mtaani watu waliita kodi ya rangi. Chumba kimoja watu wanne au watano. Kuna waliolala kwa zamu: wa zamu ya usiku akirudi asubuhi kutoka kazini, wa mchana ndiyo anaamka, shuka bado la moto. Jiko lipo kwenye korido na linatumiwa na nyumba nzima. Gesi inakula shilingi. Unatumbukiza sarafu, inawaka, ikiisha na ugali, samahani, wali wako haujaiva, shauri yako. Baridi ikikaza wanawasha hita ya mafuta ya taa, na moto ukiruka nyumba inateketea na watu ndani.

Halmashauri nazo zilikuwa na nyumba za bei nafuu, lakini nyingi zilitaka uwe umeishi eneo hilo miaka kadhaa kabla ya kuingia hata kwenye foleni. Mgeni ataitoa wapi miaka?

MWENYE NYUMBA ALIYEKUWA SHETANI NA MKOMBOZI

Kisha akatokea jamaa mmoja kutoka Poland, mhamiaji naye, aliyefika Uingereza baada ya vita bila kitu. Alinunua majumba makubwa chakavu ya Notting Hill. Ndani kulikuwa na wapangaji wa zamani waliolindwa na sheria, wanalipa kodi ndogo na haipandishwi. Mwaka 1957 sheria ikalegezwa: mpangaji wa zamani akitoka, mwenye nyumba anaweza kupanga bei anayotaka. Kwa mtu kama yule, huo ukawa mchongo.

Wazee wakaanza kusumbuliwa na mabaunsa wenye mbwa mpaka wahame wenyewe. Vyumba vikakatwa vipandevipande, vikajazwa watu wa Karibiani kwa bei ya juu. Alikuwa mnyonyaji, hilo halina ubishi. Lakini waliompangia kuna wanaosema kitu kingine pia: wakati London nzima imefunga mlango, yeye alifungua. Alifungua kwa sababu aliona hela, ila alifungua. Alikufa 1962, na kashfa yake ikalipuka mwaka uliofuata. Jina lake lilizaa neno lililoingia kwenye kamusi za Kiingereza, likiwa na maana ya tabia ya wenye nyumba kuwanyanyasa wapangaji.

UPATU ULIVYOJENGA MTAA

Weusi wakakaa chini wakafikiri. Benki hazitaki kuwakopesha, wenye nyumba hawataki kuwapangisha. Dawa ikawa kununua nyumba wenyewe. Hela watatoa wapi?

Wajamaika walikuwa na kitu wanaita pardner. Watu kumi wanachanga kila wiki kiasi kilekile, kila wiki mmoja anabeba mzigo wote. Unajua hiyo. Huo ni upatu, ni mchezo wa kina mama wa Kariakoo. Kwa hela hiyo wakalipia malipo ya kwanza ya nyumba chakavu ambazo wazungu hawakuzitaka, wakakaa wao vyumba viwili, vingine wakapangisha ndugu waliokuwa wanashuka kwenye meli. Sasa mtu mweusi London akabisha hodi, na aliyefungua akawa mweusi mwenzake.

DAMU, HALAFU NGOMA

Mwisho wa Agosti 1958 vijana wa kizungu walivamia Notting Hill, wakivunja madirisha na kuwapiga weusi mitaani kwa siku kadhaa. Tisa kati yao walifungwa miaka minne kila mmoja. Haikutosha. Mei 17, 1959, fundi seremala mwenye miaka 32 kutoka Antigua alichomwa kisu na genge akiwa anatembea kurudi nyumbani. Nyumbani penyewe ni hivyo vyumba vya kupanga. Zaidi ya watu 1,000 walikuja kumzika. Mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani.

Katikati ya uchungu huo, Januari 1959, mwanamama mwandishi wa habari mzaliwa wa Trinidad aliandaa karnivali ndani ya ukumbi, watu wacheze na wakumbuke wao ni nani. Miaka ya 1960 ngoma ikatoka nje, ikaingia mitaa ya Notting Hill. Zile picha za manyoya na mavazi ya kung'aa zinazojaa mtandaoni kila Agosti zinatoka kwenye mitaa hiyohiyo.

SHERIA NA KARATASI

Mwaka 1965 Uingereza ikapiga marufuku ubaguzi hotelini na kwenye baa. Vyumba vya kupanga vikaachwa. Mwaka 1967 ikatoka ripoti ya watafiti waliotuma watu watatu kwa wenye nyumba walewale: Mwingereza, Mhungari na mtu wa Karibiani. Kwenye zaidi ya nusu ya milango, mweusi ndiye aliyebaguliwa. Mhungari, ambaye hata Kiingereza kilikuwa kinamgomea, alipokelewa vizuri kuliko yeye. Hapo hapakuwa na cha kuficha tena. Mwaka 1968 sheria mpya ikagusa nyumba, na kadi za "weusi hapana" zikatolewa madirishani.

Zikatoka kweli. Lakini mwaka 2014 ikaja sheria inayomtaka mwenye nyumba akague karatasi za uhamiaji za mpangaji kabla hajampa ufunguo. Na mwaka 2018 ikafichuka kwamba wazee waliofika toka makoloni wakiwa watoto, wamefanya kazi na kulipa kodi maisha yao yote, walikuwa wanapoteza kazi, matibabu na nyumba kwa kukosa karatasi. Kadi za kuingilia nchini, ambazo zingeonyesha siku waliyoshuka melini, serikali yenyewe ilikuwa imeziharibu mwaka 2010. Serikali iliomba radhi, lakini kuna waliokufa kabla ya kulipwa.

Yale majumba ya Notting Hill leo yanauzwa mamilioni ya pauni. Wajukuu wa waliolala kwa zamu humo hawawezi kupanga hata stoo yake.

Basi wewe mwenye ndugu anayeondoka mwezi huu kwenda kutafuta maisha ughaibuni, mbali na sweta mwambie na hili: kila risiti ya kodi, kila mkataba, kila karatasi ya mpakani, atunze. Wale wazee waliulizwa baada ya miaka 50, na aliyewauliza ndiye aliyekuwa amezichana.