Hua Aliyetua Kiwandani

Kwa Kikuyu, kiganjo ni mahame: mahali palipowahi kuwa na boma, watu wakahama, magugu yakaota juu ya majivu ya meko. Jina hilo limebaki Thika, kama lilivyobaki Nyeri, hata baada ya watu kujaa tena. Na ipo hadithi ya kale, inayosimuliwa kote Ukikuyuni, ambayo nayo inaanzia kwenye nyumba iliyoachwa: hadithi ya mhunzi, mkewe na zimwi. Wengi huikumbuka kwa sababu ya mkuki uliomuua zimwi. Kwangu mimi mkuki ndio jambo dogo kuliko yote humo. Ushujaa unaosifiwa pale ni wa mtu kuitikia anapoitwa na wajibu wake, na historia ya kazi hapa Kenya inathibitisha jinsi jambo hilo lilivyo zito.

Mhunzi amekwenda mbali kufua chuma, amemwacha mkewe mjamzito. Mwanamke anajifungua peke yake, na anayejitokeza kumhudumia ni zimwi. Zimwi anapika, anampakulia, kisha kabla mzazi hajanyoosha mkono anadai amekataa chakula, anakila yeye. Mama anazidi kukonda. Ana mbegu za mbarika. Anampa hua ziwe ujira wake wa kupeleka habari. Hua anatua juu ya mti pale kiwandani, anafukuzwa, anarudi, anaimba mpaka wahunzi wanaulizana ni nani kati yao aliyeacha mke mjamzito. Hapo ndipo mwenye nyumba anapofunga safari. Kabla mkuki haujainuliwa, basi, kumekwisha kuwa na ujasiri wa mama aliyepatana na ndege huku njaa ikimmaliza, wa ndege asiyekubali kufukuzwa, na wa wenzake mhunzi waliosimamisha kazi wakasikiliza.

Atatokea wa kusema kwamba hii ni ngano ya kutishia watoto, si historia. Kweli, zimwi hathibitishi kitu. Kinachothibitisha ni yale ambayo msimulizi hakuona haja ya kuyaeleza, kwa kuwa kila msikilizaji aliyajua. Wahunzi wa Kikuyu walichekecha mchanga mweusi wa chuma kwenye vijito, wakauyeyusha kwa makaa huku mivukuto ya ngozi ya mbuzi ikipuliza bila kukoma. Kazi hiyo ilitaka mikono mingi, na moto haukumngoja mtu. Ndiyo maana pingamizi lenye uzito zaidi ni jingine: mhunzi naye alikuwa akiitafutia familia yake riziki, kwani jembe na mkuki vilileta mbuzi nyumbani. Hadithi inalijua hilo. Haimlaumu popote kwa kwenda. Inamdai tangu dakika aliposikia.

Alikuwa na uhuru wa kuitikia, na uhuru huo ndio uliokuja kuvunjwa. Reli ilifika Thika mwaka 1913, mashamba ya walowezi yakaenea, na chuma cha ng'ambo kikadhoofisha viwanda vya wahunzi. Mwanamume akawa anaondoka nyumbani kwenda kwenye kazi ya mkataba. Kufikia 1920 alikuwa amevishwa kipande shingoni: karatasi yenye alama za vidole na kumbukumbu ya ajira yake, ndani ya kikopo cha chuma. Bila mwajiri kutia saini kwamba amemwachilia, kuondoka kulikuwa utoro, na mtoro alisakwa kwa kipande hichohicho na kushtakiwa. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko ambayo Harry Thuku, mwanaharakati aliyepinga ukoloni, aliyapigia kelele mpaka akakamatwa Machi 1922. Mama aliyezalia nyumbani peke yake miaka hiyo angeweza kumtuma hua, na hua angefika, na mume angesikia kila neno akiwa katikati ya mibuni, kikopo kikining'inia kifuani.