Vyuo Vikuu, Sekondari ya Msingi na Malezi ya Uongozi nchini Kenya

Januari 2023 watoto wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 7. Jopokazi lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu lilikuwa limependekeza sekondari ya msingi ibaki ndani ya shule za msingi, na nyingi kati ya shule hizo hazikuwa na maabara wala walimu wa kutosha. Hata hivyo, mtaala unawadai wanafunzi hao mawasiliano, ushirikiano, fikra tunduizi na uraia mwema, na baada ya Gredi ya 9 kila mmoja hufuata mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Si ajabu macho yakageukia vyuo vikuu kutafuta msaada.

Msaada wenyewe mara nyingi huja kwa basi. Wageni hushuka na fulana zao, mhadhiri huwaambia watoto kwamba wao ndio viongozi wa kesho, picha hupigwa, soda hunywewa. Wiki inayofuata viranja ni wale wale walioteuliwa na mwalimu, na kazi yao kubwa bado ni kuandika majina ya wapiga kelele. Makala haya yanashikilia kwamba katika umri huu uongozi hufundishika pale mtoto anapokabidhiwa jukumu lenye matokeo, na kwamba mtu anayefaa kumwelekeza tayari yuko shuleni: mwanagenzi wa ualimu aliye kwenye mazoezi ya kufundisha.

Chukua mfano wa bustani ya sukuma wiki ya Gredi ya 8, chini ya somo la Kilimo na Lishe. Mtunza hazina ana miaka 13. Daftari lake linaonyesha shilingi 340. Mkebe una 300. Nani alikopesha mboga bila kuandika? Mwenyekiti aitishe kikao, au amnong'oneze mwalimu yaishe? Na katibu, ambaye mshukiwa ni rafiki yake, ataandika nini kwenye kumbukumbu? Mwanagenzi mwenye busara hakimbilii kutoa hukumu. Huwaacha wabishane, huuliza swali moja au mawili, kisha huwaonyesha namna ya kuandika stakabadhi. Mzozo wa shilingi 40 una uhasibu, uandishi rasmi na maadili ya kazi kwa pamoja, na hauwezi kupangwa kwenye ratiba ya ziara ya siku moja.

Kikwazo kiko chuoni. Msimamizi akija kumkagua mwanagenzi, kwa kawaida huketi nyuma ya darasa kwa kipindi kimoja, akapitia andalio la somo na azimio la kazi, akatoa alama, akaenda zake. Bustani haimo kwenye fomu yake ya ukaguzi. Mwanagenzi naye si mjinga. Huweka nguvu zake palipo na alama.

Wapo watakaosema vyuo vina madeni, na mgomo wa wahadhiri wa 2025 ungali akilini. Ni kweli, lakini mazoezi ya kufundisha yamo tayari kwenye bajeti, na kurekebisha fomu ni nafuu kuliko kufungua kituo cha uongozi chenye mkurugenzi na gari. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mwanagenzi huondoka muhula ukiisha, na mradi ukafa nyuma yake. Hapa chuo kinapaswa kupeleka wanagenzi katika shule ile ile mwaka hadi mwaka, na mwanagenzi mpya akabidhiwe daftari na wanafunzi wenyewe, pamoja na maelezo ya madeni yasiyolipwa. Utaratibu huu pia utazifikia shule za mashambani, ambako mabasi ya ziara hayafiki kwa urahisi.

Vitivo vya elimu viandike upya fomu hiyo ya ukaguzi kabla ya kundi lijalo la wanagenzi kutumwa shuleni, na vitenge humo alama za kazi ya nje ya kipindi.