Wailes ya Temeke si jina la mzungu

Mambo ya lekcha tuyaweke pembeni kidogo, leo tuongelee Temeke. Ukilisikia jina la Wailes haraka haraka utadhani ni la mzungu fulani wa enzi za mkoloni, bwana shamba au mkuu wa wilaya. Wala! Ni neno la Kiingereza, wireless, lililovalishwa Kiswahili. Maana yake ni bila waya, basi.

Telegrafu ya zamani ilipita kwenye nyaya. Ukikata waya, umekata maneno. Mwaka 1896 Marconi akaomba hataza Uingereza ya kupeleka ishara hewani, na Waingereza wakauita mtambo huo kwa kitu ambacho haukuwa nacho. Wazee wetu wakasema simu ya upepo. Kwa kweli mimi naona wazee waliwazidi akili: wao walitaja njia inayopita, mzungu alitaja waya usiokuwepo.

Msidhani ni mambo madogo, watu walipigana kwa ajili ya milingoti hiyo. Tarehe 8 Agosti 1914, siku 4 tu baada ya Uingereza kuingia vitani na Ujerumani, manowari ya Waingereza iitwayo Astraea ilikuja kupiga mizinga kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani hapa Dar es Salaam. Nyaya nyingi za chini ya bahari zilikuwa mikononi mwa Waingereza, kwa hiyo bila simu ya upepo Mjerumani wa huku alikuwa kama kafungwa mdomo.

Vita ikaisha, Mwingereza akashika nchi, na neno lake likaja naye mpaka Temeke. Ila kwao Uingereza lenyewe likaanza kuzeeka. Watu wakahamia kwenye neno redio, na wireless likabaki la mababu. Hata sisi, Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951, kilichoingia majumbani kikaitwa redio. Ukishasahau waya, kusema "bila waya" kunakosa maana, si ndio?

Halafu likafufuka! Kompyuta zilikuja na nyaya zake tele, watu wakazichoka, na kufikia mwaka 1999 lilipotoka jina la Wi-Fi, wireless lilikuwa limerudi mjini. Kumbe neno hili linaishi pale tu waya unapokuwepo wa kukimbiwa.

Temeke lakini halikuwahi kufa. Ni kama Kariakoo, iliyotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita ileile. Mwingereza wa leo ukimtajia Carrier Corps huenda asijue unaongea nini, wakati sisi tunaenda Kariakoo kununua viatu. Wapagazi wale walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi, na wengi hawana hata kaburi lenye jina. Jina la soko ndiyo alama yao.

Ndiyo maana huwa naogopa nikisikia mtaa unataka kubadilishwa jina upewe la mheshimiwa. Wailes halina shujaa wa kulitetea, halina sanamu. Likifutwa kwenye kibao, mtoto wa Temeke atajuaje kwamba dunia iliwahi kupita mtaani kwao kwa upepo?

Muulizeni babu wa mtaani kwenu jina lenu limetoka wapi, mapema. Haya, siku njema.