Vidonge vya Kalsiamu na Magnesiamu: Yanayopaswa Kujulikana Kuhusu Kuganda kwa Damu

Na Mwandishi Wetu

Vidonge vya madini ya kalsiamu na magnesiamu hupatikana leo katika maduka ya dawa bila cheti cha daktari, na vingine hufikishwa hadi maofisini na majumbani na mawakala wa virutubishi. Pamoja na vidonge hivyo huuzwa pia maelezo mawili yanayokinzana: kwamba kalsiamu huifanya damu kuwa nzito, na kwamba magnesiamu huifanya kuwa nyepesi. Mtu mwenye afya njema akiyaamini maneno hayo atapoteza fedha tu. Hali ni tofauti kwa mgonjwa aliyewekewa valvu bandia ya moyo, kwa mjamzito mwenye shinikizo la damu lililopanda na kwa mwenye figo zilizodhoofika. Kwa hao, uamuzi unaojengwa juu ya maelezo hayo unaweza kugharimu uhai.

Ni kweli kwamba damu haiwezi kuganda bila kalsiamu. Mshipa unapopata jeraha, chembe sahani zilizomo katika damu hukimbilia mahali hapo na kushikamana. Kisha protini kadhaa huamshana kwa mfuatano, moja ikiiamsha nyingine, hadi zitengenezwe nyuzi za fibrini ambazo hulifunga jeraha kama wavu. Wataalamu walivipa visababishi vya kuganda namba za Kirumi, na katika orodha hiyo kalsiamu yenyewe ndiyo namba nne. Protini nne muhimu katika mfuatano huo, yaani namba 2, 7, 9 na 10, hutengenezwa na ini kwa msaada wa vitamini K. Kazi ya vitamini hiyo ni kuzipa protini hizo mahali pa kuishika kalsiamu, na kalsiamu ndiyo inayoziunganisha na uso wa chembe sahani. Vitamini K ikikosekana, protini hazina mkono wa kushikia. Kalsiamu ikikosekana, mkono upo lakini hauna cha kushika.

Ushahidi wa jambo hili uko mbele ya macho ya kila mwananchi aliyewahi kuchangia damu. Mfuko unaopokea damu hauwi mtupu. Mfuko wa kawaida wa mililita 450 huwa na mililita 63 za maji maalumu yenye sitrati, chumvi inayotokana na asidi iliyomo pia katika malimau na machungwa. Sitrati huikamata kalsiamu iliyomo katika damu, na damu hubaki majimaji. Wafaransa Maurice Arthus na Calixte Pagès walionesha mwaka 1890 kwamba damu iliyoondolewa kalsiamu haigandi. Hata hivyo ilipita takriban robo karne kabla ya maarifa hayo kutumika kuokoa watu. Mwaka 1914 Albert Hustin nchini Ubelgiji na Luis Agote nchini Argentina waliwaongezea wagonjwa damu iliyochanganywa na sitrati, na mwaka 1915 Richard Lewisohn wa New York akabainisha kiwango cha sitrati kinachozuia kuganda bila kumdhuru mpokeaji. Kabla ya hapo mchangiaji alilazimika kuwa kando ya mgonjwa, mshipa kwa mshipa, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kuitunza damu. Leo, kwa kutumia mchanganyiko wa sitrati unaofahamika kama CPDA-1, damu hutunzwa kwenye jokofu kwa siku 35.

Maabara nazo hutumia kanuni hiyohiyo. Kichupa chenye kifuniko cha rangi ya bluu hafifu kina sitrati ndani yake. Mtaalamu anapotaka kujua damu ya mgonjwa inachukua sekunde ngapi kuganda, huirudishia kalsiamu na kuanza kuhesabu.

Kutokana na ukweli huu, wapo wanaohitimisha kwamba kama kuondoa kalsiamu huzuia damu kuganda, basi kuiongeza kutaifanya igande kupita kiasi. Hitimisho hilo si sahihi. Takriban asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo katika mifupa na meno. Sehemu ndogo iliyomo katika damu hudhibitiwa na tezi nne ndogo zilizo nyuma ya tezi ya shingo, zikisaidiana na vitamini D, figo na utumbo, ili isivuke mipaka ya milimoli 2.2 hadi 2.6 kwa lita. Mtu akila kalsiamu nyingi, utumbo hupunguza kiasi unachofyonza na figo hutoa ziada kwa njia ya mkojo. Aidha, kiasi kinachohitajika ili damu igande ni kidogo kuliko kile kilichomo tayari. Kabla kalsiamu haijashuka hadi kiwango cha kuzuia kuganda, mgonjwa angekwishapata mkazo wa misuli, degedege na kuvurugika kwa mapigo ya moyo.

Hali moja inayotofautiana na hiyo hutokea hospitalini. Mgonjwa anayevuja damu nyingi, kama vile majeruhi wa ajali au mama aliyetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, anapoongezewa mifuko mingi kwa muda mfupi, sitrati iliyomo katika mifuko hiyo huweza kuikamata kalsiamu yake kwa kasi kuliko ini linavyoweza kuivunja sitrati. Hapo madaktari hupima kalsiamu na kuirudisha kupitia mshipa. Hiyo ni tiba ya dharura, na kidonge cha kumeza hakina nafasi ndani yake. Vilevile, vidonge vya kalsiamu sitrati vinavyouzwa madukani haviifanyi damu kuwa nyepesi, kwa sababu sitrati inayomezwa huvunjwa na mwili, na kidonge chenyewe kimekuja na kalsiamu yake.

Swali la kalsiamu na moyo ni gumu zaidi, na inafaa lielezwe kwa uaminifu. Mwaka 2010 watafiti wakiongozwa na Mark Bolland wa New Zealand walichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, uchambuzi wa tafiti za vidonge vya kalsiamu visivyoambatana na vitamini D. Walikuta kwamba waliovitumia walikuwa na hatari ya shambulio la moyo iliyozidi kwa takriban asilimia 30. Kwa upande mwingine, utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha wanawake zaidi ya 36,000 waliokoma hedhi, waliopewa miligramu 1,000 za kalsiamu pamoja na vitamini D au kidonge kisicho na dawa, haukuonesha ongezeko hilo kwa jumla. Mjadala haujafungwa. Kwa maoni ya mwandishi, busara iliyo salama ni ile inayopendekezwa na wataalamu wengi wa lishe: kalsiamu itokane kwanza na chakula, na kidonge kifidie upungufu tu.

Magnesiamu ina hadithi tofauti. Katika kazi nyingi za mwili hushindana na kalsiamu, na katika vipimo vya maabara hupunguza kasi ya chembe sahani kushikamana. Jambo hilo liliwapa madaktari matumaini makubwa. Utafiti wa LIMIT-2 wa mwaka 1992 nchini Uingereza ulionesha kwamba wagonjwa wa shambulio la moyo waliopewa magnesiamu kwenye mshipa walikufa kwa uchache zaidi. Mwaka 1995 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa zaidi, ISIS-4, uliohusisha wagonjwa 58,050, na manufaa hayo hayakuonekana. Ikiwa dawa iliyopelekwa moja kwa moja kwenye mshipa haikuleta tofauti, ni vigumu kuona jinsi kidonge cha kumeza kinavyoweza kuchukua nafasi ya aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Mwananchi anayeshauriwa kuacha dawa ya hospitali na kutumia magnesiamu badala yake anashauriwa vibaya.

Mahali ambapo magnesiamu imethibitika kuokoa maisha ni katika wodi za wazazi. Utafiti wa Magpie, uliochapishwa mwaka 2002 baada ya kuwahusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionesha kwamba sindano ya magnesiamu salfeti hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya mjamzito mwenye dalili za kifafa cha mimba kupata degedege. Dawa hiyo hutumika hadi leo, chini ya uangalizi wa karibu, kwa kuwa ikizidi hudhoofisha misuli na kupunguza upumuaji. Na hapa ndipo madini haya mawili yanapokutana tena: dawa inayoandaliwa kando ya kitanda ili kuondoa sumu ya magnesiamu iliyozidi ni kalsiamu glukoneti.

Kalsiamu nayo ina nafasi yake kwa wajawazito. Shirika la Afya Duniani linapendekeza gramu 1.5 hadi 2 kwa siku kwa wajawazito wa maeneo ambayo chakula hakina kalsiamu ya kutosha, ili kupunguza hatari ya kifafa cha mimba. Kiasi hicho ni kikubwa na humlazimu mama kumeza vidonge kadhaa kila siku. Ndiyo maana ulifanyika utafiti nchini India na jijini Dar es Salaam, ukiwahusisha wajawazito 11,000 katika kila nchi, kulinganisha miligramu 500 na miligramu 1,500. Matokeo yaliyochapishwa mwanzoni mwa mwaka 2024 yalionesha kwamba kiasi kidogo hakikuwa duni katika kuzuia kifafa cha mimba. Kuhusu kujifungua kabla ya wakati, takwimu za Tanzania hazikutosha kuthibitisha usawa huo. Ujauzito wenyewe huongeza mwelekeo wa damu kuganda, lakini ongezeko hilo halitokani na vidonge vya kalsiamu. Jambo la kuzingatia ni kwamba kalsiamu hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma, hivyo kidonge cha FEFO kitolewacho kliniki kinywewe kwa wakati wake.

Hatari iliyo karibu zaidi na mada hii mara nyingi haimo katika kalsiamu wala magnesiamu. Imo katika kile kilichochanganywa nayo. Vidonge vingi vya mifupa siku hizi vina kalsiamu, vitamini D3 na vitamini K2 kwa pamoja. Dawa ya wafarini, inayotumiwa na wagonjwa wenye valvu bandia za chuma na wengine waliowahi kuganda damu miguuni au mapafuni, hufanya kazi kwa kuizuia vitamini K. Mgonjwa anayemeza vyote viwili ni sawa na mtu anayekanyaga breki na mafuta kwa wakati mmoja. Kipimo cha INR, ambacho kwa wengi hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3, na juu kidogo kwa baadhi ya wenye valvu, huweza kushuka bila mgonjwa kuhisi lolote, hadi bonge la damu litakapoziba valvu au kusafiri kwenda kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Kinyume chake pia hutokea: daktari huongeza wafarini ili kufidia, kisha mgonjwa huacha kidonge cha mifupa kwa kuwa kimemwishia, naye akaanza kuvuja damu.

Kwa hiyo anayetumia wafarini asome lebo yote, pamoja na maandishi madogo. Maneno kama K1, K2 au MK-7 yamtoshe kusimama na kuuliza. Hatakiwi kuacha mchicha, kisamvu au matembele, ambayo yana vitamini K kwa wingi, bali ale kwa kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, ili dozi iliyopimwa na daktari iendane na mlo wake. Dawa mpya kama rivaroxaban na apixaban hazipitii njia ya vitamini K, ingawa nazo hazipaswi kuongezewa kitu chochote bila ushauri.

Madini haya pia hushikana na dawa nyingine tumboni na kuzizuia kufyonzwa. Miongoni mwa hizo ni doksisaiklini, siprofloksasini, dawa ya tezi ya levothairoksini, na dolutegravir inayotumiwa na watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Dolutegravir inywewe saa mbili kabla ya vidonge vya madini au saa sita baada yake. Kalsiamu na chuma huweza kunywewa nayo kwa pamoja iwapo vinaambatana na mlo, lakini si dawa za kiungulia zenye magnesiamu.

Kuhusu viwango, mtu mzima huhitaji takriban miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, na mwanamke aliyevuka miaka 50 huhitaji 1,200. Hesabu hiyo inajumuisha chakula. Maziwa, mtindi, dagaa wanaoliwa na mifupa yao na uji wa ulezi huchangia sehemu kubwa. Magnesiamu hupatikana katika korosho, karanga, maharage, mbegu za maboga na nafaka zisizokobolewa. Lebo za vidonge nazo hupotosha: kidonge cha kalsiamu kaboneti chenye miligramu 1,250 kina miligramu 500 tu za kalsiamu yenyewe. Mwenye ugonjwa wa figo asitumie vidonge vya magnesiamu kwa uamuzi wake, kwa kuwa figo ndizo zinazoitoa mwilini.

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda awahi kituo cha afya akiona damu ya puani isiyokoma, choo cheusi kama lami, mkojo wenye damu au michubuko isiyo na sababu. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, pumzi kukata ghafla, au uso kupinda na mkono kukosa nguvu ni dalili za bonge la damu, na hazisubiri kesho. Madhara yanayodhaniwa kutokana na dawa hupokelewa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) kupitia fomu ya njano iliyopo vituoni. Mgonjwa anapokwenda kliniki achukue chupa zote anazotumia nyumbani, zikiwemo zile alizouziwa na wakala na ambazo haziiti dawa.