Kurekebisha sauti kwenye chanzo: historia ya chujio ndani ya gitare ya bas

Tukisikia bas inalia vibaya, wengi wetu tunaangalia ampli. Ampli ni ndogo, bafle imepasuka, mutu wa mixage hajui kazi. Lakini historia ya bas inaonyesha njia ingine: anza kule sauti inatokea.

Mwaka 1951 Leo Fender alitoa Precision Bass kule California, Marekani. Ilikuwa na butoni mbili tu: moja ya nguvu ya sauti, ingine ya toni. Ile ya toni haiongezi kitu, inapoteza tu sauti za juu. Tena mikro ya gitare inatoa umeme kidogo sana, na waya murefu kati ya gitare na ampli unakula zile sauti za juu mbele hazijafika. Kile kilipotea njiani, ampli haiwezi kukirudisha muzima. Ukiilazimisha, inaongeza na makelele.

Mnamo 1969, kulekule California, watu waliokuwa karibu na kundi la Grateful Dead wakaanzisha Alembic. Kati yao kulikuwa Ron Wickersham, mutaalamu wa elektroniki aliyetoka Ampex, na Rick Turner, fundi wa magitare. Hawakungojea tu ampli kubwa zaidi. Waliweka preampli ndogo ndani ya gitare yenyewe, ili sauti itoke na nguvu ya kushinda waya. Bas yao ya kwanza, ya 1972, ilikuwa ya Jack Casady wa Jefferson Airplane.

Pamoja na preampli, waliweka chujio. Hapa tuelewane vizuri, juu wengi wanachanganya. Egalizeri ya ndani, kama ile ya Music Man StingRay ya 1976, inagusa sauti mahali palipopangwa na kiwanda. Chujio inaachilia sauti za chini zipite na inakata za juu, na mupigaji njo anachagua mpaka uwe wapi. Kwenye Alembic mpaka ule unatembea toka hertz 350 mpaka 6000. Kamba nene ya mi inalia kwenye hertz 41 hivi. Kwa hiyo ukishusha mpaka kwenye 350, unabakia na musingi wa noti na sauti chache juu yake: bas inakuwa nzito, ya duara. Ukipandisha, unasikia hata kidole kinagusa kamba. Kuko tena kibadilishi cha Q, kinachopandisha sauti palepale kwenye mpaka. Ukizungusha butoni ya chujio wakati ule, bas inalia kama kinywa kinachotoka "u" kwenda "o" kwenda "a".

Stanley Clarke alishika Alembic na kuonyesha, kwenye albamu yake School Days ya 1976, kwamba bas inaweza kusimama mbele, si kujificha nyuma ya ngoma. Kule Uingereza, Ian Waller na Pete Stevens wa Wal wakapatia kila mikro chujio yake. Mick Karn na Geddy Lee wakajulikana na gitare zile.

Kitu kikubwa kilichobadilika ni hiki: nani anaamua? Mbele, sehemu kubwa ya sauti ilikuwa mikononi mwa mutu wa mixage. Sasa mupigaji anaigeuza mwenyewe, katikati ya wimbo. Bei iko pale pia: gitare hizi ni za gali, na nyingi zinategemea umeme. Pile ikiisha, bas inanyamaza.

Hata hivyo somo linabakia. Mbele ya kununua mashini kubwa ya kumaliza tatizo mwishoni, uliza kwanza tatizo linaanzia wapi. Kwenye muziki, kwenye shamba, kwenye biro, ni vilevile.

Weye unayepiga bas kanisani ao kwenye orkestre: sauti yako, ni nani anaipanga? Tuandikie hapa chini.